Ng'ombe wa Nyama Katika Milima ya Gusii: Mwongozo wa Kuzalisha, Kunenepesha na Kuuza

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 957 kwa kila kilomita ya mraba katika Kaunti ya Kisii, na 675 katika Kaunti ya Nyamira. Takwimu hizo mbili zinatosha kueleza kwa nini ufugaji wa ng'ombe wa nyama katika nchi ya Abagusii hauwezi kufuata mtindo wa Laikipia wala wa Narok. Hapo kale vijana walilinda mifugo katika kambi za malisho zilizoitwa ebisarate. Serikali ya kikoloni ilizivunja kambi hizo mwanzoni mwa karne ya 20, na ardhi iliyokuwa ya malisho ikagawanywa kizazi hadi kizazi, ikapandwa chai, kahawa, migomba na mahindi. Leo familia nyingi zina ekari moja au mbili, na nyingine chini ya hapo.

Mahitaji ya nyama, kwa upande mwingine, hayakupungua. Matanga, tohara za likizo ya mwisho wa mwaka, harusi, Krismasi na bucha za mji wa Kisii huhitaji ng'ombe wa kuchinjwa mwaka mzima, na wengi wao huvuka mpaka kutoka Trans Mara. Nafasi ya mfugaji wa Nyanchwa, Keroka au Nyamira iko hapo katikati. Kazi yake ni kumchukua mnyama ambaye tayari ana mifupa lakini hana nyama, kumlisha zizini kwa siku zinazojulikana, na kumuuza akiwa na uzito unaojulikana. Kanuni inayotawala shughuli yote ni moja: kila kilo inayoongezeka sharti igharimu chini ya bei yake sokoni. Mfugaji asiyeweza kutaja gharama ya kilo moja bado hajaanza biashara, anafuga tu.

Chanzo cha mnyama

Vyanzo viwili vinafaa kwa mashamba madogo. Cha kwanza ni masoko ya mpakani kama Kilgoris na Nyangusu, ambako hupatikana zebu wa Kimaasai na chotara wa Sahiwal na Boran. Zebu ni mdogo, lakini huvumilia kupe na chakula hafifu. Chotara wa Sahiwal au Boran huwa na umbo kubwa zaidi na hulipa vizuri chakula anachopewa.

Chanzo cha pili kimo ndani ya kaunti zenyewe, nacho hupuuzwa. Ng'ombe wa maziwa wa Kisii na Nyamira, wengi wao wakiwa chotara wa Friesian na Ayrshire, huzaa ndama dume karibu sawa na majike. Wengi wa madume hao huuzwa wakiwa na wiki chache kwa bei ya kutupa, au huachwa wadhoofike kwa sababu maziwa yote huenda sokoni. Ndama huyo, akipata maziwa ya kwanza ya mama yake ndani ya saa sita za mwanzo, akaachishwa maziwa kwa utaratibu akiwa na wiki nane hadi kumi na mbili, na akalishwa bila kukatizwa, anaweza kuuzwa akiwa na umri wa miezi 18 hadi 24 akimzidi uzito zebu wa rika lake. Mtaji wake wa kuanzia ni mdogo. Gharama yake ni subira.

Kuzalisha kwa makusudi

Mwenye ng'ombe wa maziwa watatu au wanne hahitaji kumpanda kila mmoja kwa mbegu ya maziwa. Utaratibu wa busara ni kuwapanda ng'ombe bora kwa mbegu ya maziwa ili kupata mitamba ya kurithi nafasi zao, kisha kuwapanda wale wenye maziwa haba kwa mbegu ya nyama, kama vile Boran, Sahiwal au Simmental. Kituo cha taifa kilichoko Lower Kabete, kilichoanzishwa mwaka 1946 na ambacho leo kinaitwa KAGRC (Kenya Animal Genetic Resources Centre), huzalisha mbegu za mifugo ya maziwa na ya nyama, na mhimilishaji aliyesajiliwa anaweza kuagiza aina inayotakiwa.

Tahadhari mbili ni za lazima. Mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza hapaswi kupandwa kwa mbegu ya koo zenye ndama wakubwa kama Charolais, kwa kuwa uzazi mgumu huweza kumuua mama na ndama pamoja. Pili, fahali wa kijiji anayezunguka kila boma huishia kuwapanda binti zake mwenyewe na kusambaza magonjwa ya uzazi. Pale anapotumika, apimwe ugonjwa wa brusela, na abadilishwe kabla binti zake hawajafikia umri wa kupandwa.

Joto la ng'ombe huangaliwa asubuhi na jioni. Anayeonekana na dalili asubuhi huhimilishwa jioni ya siku hiyo. Anayeonekana jioni huhimilishwa asubuhi inayofuata. Tarehe huandikwa papo hapo, kwa sababu mimba huchukua takriban siku 283, na matayarisho ya uzazi hupangwa kwa kuhesabu kutoka siku hiyo.

Kununua kwa kipimo

Faida kubwa au hasara kubwa huamuliwa siku ya kununua. Mnadani, dalali hutaja bei kwa kumtazama mnyama, naye ameyazoeza macho yake kwa miaka mingi kuliko mnunuzi. Njia ya kusawazisha mambo ni utepe wa kupimia. Mzunguko wa kifua hupimwa nyuma tu ya miguu ya mbele. Urefu hupimwa kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Mzunguko huzidishwa kwa wenyewe, kisha kwa urefu, na jibu hugawanywa kwa 10,840. Ng'ombe mwenye mzunguko wa sentimita 142 na urefu wa sentimita 118 hukadiriwa kuwa na kilo 220 hivi. Makadirio hayo si sawa na mizani, lakini ni bora mara nyingi kuliko kubahatisha, mradi yachukuliwe kwa njia ileile kila mara na mnyama akiwa amesimama wima.

Umri husomwa mdomoni. Meno mawili ya kudumu ya mbele huota mnyama akikaribia miaka miwili, na mengine mawili hufuata kadiri anavyopita miaka miwili na nusu. Mwenye meno mawili hadi manne ndiye anayefaa zaidi kunenepeshwa: mifupa yake imekua na misuli yake bado ina nafasi. Mwenye meno yote na yaliyoanza kulika huongeza mafuta zaidi kuliko nyama, na huyaongeza kwa gharama kubwa.

Mnyama aliyekonda kwa njaa ni mtaji. Aliyekonda kwa ugonjwa ni deni. Wa njaa huwa na macho angavu, pua yenye unyevu, hamu ya kula na mwendo imara. Mwenye tezi zilizovimba chini ya sikio au mbele ya bega, mwenye ufizi mweupe, anayekohoa, anayetokwa na udenda au anayechechemea huachwa sokoni, hata bei ikishuka kiasi gani.

Chakula na siku

Muda wa kawaida wa kunenepesha zizini ni siku 90 hadi 120. Ng'ombe anayenenepeshwa hula chakula kikavu cha asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake kila siku. Yule wa kilo 220 atahitaji kati ya kilo 5.5 na 6.6, maji yakiwa yameondolewa katika hesabu. Nepia mbichi ina sehemu moja tu kavu katika tano, kwa hiyo nepia peke yake ingehitajika kilo 30 kwa siku, na bado protini ingepungua. Mgawo unaowezekana katika Gusii ni kilo 20 za nepia iliyokatwakatwa, kilo nne za marando ya viazi vitamu, kilo moja na nusu hadi mbili za pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu ya pamba au alizeti, nusu kilo ya molasi iliyozimuliwa kwa maji, na madini ya kulamba. Maji safi yawepo wakati wote.

Nepia ikatwe ikiwa na urefu wa mita moja hivi. Ikiachwa ipande juu ya kichwa cha mtu huongeza uzito wa mzigo na kupoteza protini. Mfugaji hubeba vijiti akidhani anabeba chakula. Mashina yenye majani madogo ya manjano na kimo kilichodumaa yana dalili za ugonjwa wa kudumaza nepia, nayo hung'olewa na kuchomwa, wala vipandikizi vyake havigawiwi kwa majirani. Desmodiamu ikipandwa kati ya mistari huongeza protini na kuishikilia ardhi ya mteremko. Ekari moja ya nepia iliyorudishiwa samadi hutosha ng'ombe wawili hadi watatu. Anayeingiza watano kwenye ekari hiyo atanunua majani wakati wa kiangazi, na faida yote itaishia kwa muuza majani.

Chakula cha nafaka huongezwa polepole kwa muda wa wiki mbili. Kikiongezwa ghafla, tumbo hujaa asidi na mnyama anaweza kufa akiwa na hori lililojaa. Yuria haifai kuchanganywa na asiye na ujuzi, na haipaswi kamwe kuyeyushwa katika maji ya kunywa. Mahindi yaliyooza au yenye ukungu hayawi chakula kwa sababu tu mwenye kula ni ng'ombe. Sumu ya kuvu hudhuru ini lake na kupunguza ukuaji.

Kwa mgawo kama huo, chotara mwenye afya anaweza kuongeza kilo 0.6 hadi 0.8 kwa siku. Kwa wastani wa kilo 0.7, yule wa kilo 220 atafika kilo 290 baada ya siku 100. Nyama pamoja na mifupa huwa karibu nusu ya uzito wa ng'ombe hai, hivyo bucha itapata takriban kilo 145 badala ya 110. Mnyama hupimwa kila baada ya wiki mbili. Akipimwa mara mbili mfululizo bila kuongezeka, sababu itafutwe: minyoo, kupe, chakula au hila ya mlishaji. Ikikosekana, auzwe. Kumlisha mwezi mwingine kwa matumaini ni kununua hasara.

Zizi lijengwe kwa kuzingatia mteremko. Nyanchwa ni kilima kilicho kando ya mji wa Kisii, na maji machafu ya boma la juu hayachelewi kufika kisimani kwa jirani wa chini. Sakafu iwe ngumu na yenye mwinamo, mtaro uelekezwe kwenye shimo la samadi, na shimo lifunikwe. Samadi ni zao la pili la biashara hii, na thamani yake kwa nepia na migomba iingizwe katika hesabu.

Afya na dawa

Mnyama mpya hutengwa kwa wiki tatu, mbali na ng'ombe wa nyumbani, akiwa na chombo chake cha maji. Katika muda huo hupewa dawa ya minyoo, huogeshwa dhidi ya kupe, na huchanjwa kwa ushauri wa daktari wa mifugo dhidi ya kimeta, chambavu, ugonjwa wa midomo na miguu, na ugonjwa wa mapele ya ngozi. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe wa masikio ya kahawia, ndiyo humaliza faida za wengi. Homa kali pamoja na tezi zilizovimba ni sababu ya kumwita mtaalamu siku hiyohiyo. Chanjo yake ipo, na mara moja hutosha kwa maisha ya mnyama, lakini hutolewa na mtaalamu aliyefunzwa, kwa kuwa huambatana na dawa.

Tiba itolewe na daktari au msaidizi aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kila dawa ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa, yaani siku ambazo lazima zipite kabla mnyama kuchinjwa. Kumuuza mnyama ndani ya siku hizo ni kumlisha mtoto wa mtu mwingine dawa ambayo hakuandikiwa, na ni kuchangia vijidudu kuwa sugu dhidi ya dawa zilezile zinazotegemewa hospitalini. Hapa hakuna nafasi ya kujadiliana na dalali.

Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitokwa na damu nyeusi puani au mkunduni, hapasuliwi wala haliwi. Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Ofisi ya mifugo ya kaunti ijulishwe, na mzoga uzikwe kwa kina au uchomwe kwa maelekezo yake. Nyama ya kibudu haihalalishwi na umaskini wa mwenye ng'ombe wala na njaa ya wageni.

Sheria na uadilifu

Mpaka wa Gusii na Trans Mara una historia ya wizi wa mifugo na damu iliyomwagika kwa sababu yake. Mnunuzi mwadilifu kwa hiyo hadai tu risiti; hudai pia uthibitisho wa umiliki kutoka kwa chifu au naibu wake, na hulinganisha alama na rangi ya mnyama na maelezo yaliyoandikwa. Bei iliyo chini mno kuliko ya soko ni dalili ya hatari. Anayenunua ng'ombe wa wizi humpoteza ng'ombe, hupoteza fedha, na huenda akapoteza uhuru wake.

Kusafirisha mifugo huhitaji kibali cha ofisi ya mifugo chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364. Karantini ikitangazwa, mnyama habadilishi eneo, hata mteja akiwa amelipa. Wakati kama huo huumiza, lakini mfugaji mmoja anayepitisha ng'ombe vichakani usiku huweza kufungisha masoko ya kaunti nzima kwa miezi. Wakati wa safari, ng'ombe wasibanwe kupita kiasi, wasifungwe miguu na kulazwa, wala wasipigwe. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza hayo, na nyama ya mnyama aliyeteswa huwa na michubuko ambayo mwenye bucha huikata na kuitupa.

Uchinjaji wa biashara hufanyika katika kichinjio chenye leseni, na nyama hupigwa muhuri baada ya kukaguliwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356. Hata ng'ombe anapochinjwa nyumbani kwa ajili ya matanga, familia hufanya vyema kumwita mkaguzi. Umati wa waombolezaji ni mahali pabaya pa kugundua tegu au brusela.

Zipo hila ndogo ambazo wengi huziona kuwa ujanja: kumlambisha ng'ombe chumvi usiku ili ajaze maji kabla ya mizani, kuficha kilema kwa dawa ya maumivu, kumtaja mgonjwa kuwa mchovu wa safari. Mnunuzi hudanganywa mara moja, na masoko ya Keroka na Kisii si makubwa kiasi cha kusahau majina.

Haki za mfanyakazi

Mlishaji wa ng'ombe ni mfanyakazi kama mwingine yeyote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 huhitaji mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kwa familia nyingi za Kiadventista katika Kisii na Nyamira siku hiyo ni Jumamosi, na majani ya siku hiyo hukatwa Ijumaa. Mshahara usipungue kima kilichotangazwa na serikali. Mtoto aliye na umri wa kwenda shule haajiriwi kukata nepia asubuhi wakati wenzake wako darasani.

Mwajiri ana wajibu wa kutoa buti na glavu. Anayesaidia ng'ombe kuzaa kwa mikono mitupu, au anayenyunyiza dawa ya kupe bila kinga, amewekwa katika hatari ambayo mwajiri angeweza kuizuia kwa gharama ndogo. Mfanyakazi naye ana wajibu wake: kuripoti ugonjwa mapema, kutogawa chakula cha ng'ombe kwa siri, na kuandika kwa ukweli alichokilisha.

Soko na majira

Kalenda ya Gusii hutabirika. Bonasi ya chai hulipwa kwa kawaida mwezi wa Oktoba, na fedha huingia mikononi. Tohara na Krismasi hufuata Novemba na Desemba, na bei ya ng'ombe hupanda. Januari karo hudaiwa, wenye mifugo huuza kwa haraka, na bei hushuka. Anayenunua mwishoni mwa Agosti huwa na ng'ombe tayari mwanzoni mwa Desemba. Anayenunua Januari, wakati wa kiangazi na wa haja ya karo, hununua waliokonda kwa bei nafuu, mradi awe amehifadhi saileji au nyasi kavu za kuwafikisha mvua za Machi.

Wafugaji watano wenye ng'ombe wawili kila mmoja wana ng'ombe kumi, na muuzaji wa kumi hatazamwi kama muuzaji wa wawili. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kununua mizani ya pamoja, kukodi lori moja, kulipia daktari mmoja na kuuza moja kwa moja kwa kichinjio kwa kilo. Sharti lake ni katiba inayosomeka na hesabu zinazosomwa mbele ya wanachama wote.

Daftari

Kila ng'ombe awe na ukurasa wake: tarehe na mahali aliponunuliwa, jina la muuzaji na nambari ya kibali, bei, uzito wa kila wiki mbili, chakula na gharama yake, dawa na muda wake wa kusubiri, tarehe ya kuuzwa na bei. Mwishoni, jumla ya gharama baada ya kununua hugawanywa kwa kilo zilizoongezeka. Jibu likizidi bei ya kilo ya ng'ombe hai sokoni, kasoro iko katika mgawo, katika mnyama au katika siku, na ukurasa utaonyesha ni wapi.

Daftari hilohilo ndilo litakaloulizwa na benki au sako kabla ya kutoa mkopo, ndilo litakalomlinda mfugaji polisi wakihoji umiliki, na ndilo daktari atakalolisoma kabla ya kuandika dawa. Anayekusudia kupanda kutoka ng'ombe wawili hadi ishirini katika ardhi ya Gusii asianze kwa kutafuta ekari zaidi. Aanze kwa kuandika, leo, kilo za wale wawili alio nao.